Fundi Redio na Magazeti Matatu ya Samaki

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Nataka kuwaambia habari za fundi redio, jirani yangu hapa Ilomba, Mbeya. Kibanda chake na meza yangu ya maandazi vilitazamana miaka ishirini na zaidi. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo kawaulizeni ndugu zake Iringa. Mimi nasema niliyoyaona. Na nitasema nililomtendea, maana watu wa mtaani wanajua nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo inayonisifu.

Kazi yake ilikuwa redio, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndoano. Ukiingia kibandani unakuta redio zimepasuliwa matumbo, nyaya zinaning'inia, na nyuma yake fito za kuvulia zimesimama ukutani kama watu waliofika msibani wakakosa viti. Risasi ya kulehemu aliiyeyusha akatengeneza chubwi, vile vizito vya kuizamisha ndoano. Na vijiko vyangu vya chai vilikuwa vikipungua kila mwezi. Nikamgombeza binti wa kazi bure. Kumbe fundi alikuwa akimaliza chai anaondoka na kijiko mfukoni, anakata mpini, anakitoboa, anakitia ndoano. Kijiko kikivutwa majini kinameremeta, samaki mkubwa anadhani ni samaki mdogo. Nilipomkabili hakukana. Alisema kijiko changu cha nne kilimpatia mbasa, samaki wa ziwani, kule Matema, akanipa huyo mbasa kamfunga kwenye jani la mgomba. Nilimla nikiwa nimenuna.

Alikuwa mwongo wa redio na mkweli wa samaki. Redio ya mwinjilisti wetu ilikaa kwake tangu Pasaka hadi watu wakaanza kufagia makaburi kwa ajili ya Krismasi, na kila wiki mwinjilisti aliambiwa njoo kesho mchana. Lakini ukimsifia samaki wake mbele ya watu, ukasema huyu ni kilo tatu, anakukatiza hapo hapo: ni mbili na robo, tena tumboni alikuwa na mayai. Alikuwa na kamba yenye mafundo ya kupimia. Hata samaki aliyemponyoka alimpunguza urefu, wakati wavuvi wote ninaowajua humrefusha.

Tulitaniana sana. Yeye Mhehe, mimi Mnyakyusa. Asubuhi ananipigia kamwene yake, mimi namwitikia ndaga yangu, kila mtu na lugha ya mama yake, na chai inamiminwa. Alipenda kusema kwamba mimi ningekuwa samaki, ningeiamuru ndoano itoke majini. Nami nilimwambia kwamba yeye angekuwa ndoano, angesema njoo kesho mchana.

Sasa sikieni kuhusu maji yake, maana bila hayo hamtaelewa habari ya magazeti. Wavuvi wengi wana maji yao mamoja. Wa Kyela ana ziwa, wa Usangu ana mto na matope, wa kwenye chai ya Mufindi ana vijito vya baridi. Fundi alitaka yote. Kiangazi alishuka Rujewa kutafuta kambale. Wakati wa baridi kali alipanda Mufindi kutafuta trauti, wale samaki wa madoa walioletwa na Wazungu zamani, akirudi na kikohozi cha wiki mbili. Pasaka alikuwa ziwani. Kati ya safari alivua perege kwenye bwawa lolote ambalo mwenyewe hakumfukuza. Mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na ndege wa majini.

Kila akipita Iringa mjini aliingia duka moja la Kihindi, la mama mjane, Mhindu, ambaye marehemu mumewe aliuza ndoano na mshipi wa nailoni. Mama yule alimwekea magazeti ya Kiingereza ya uvuvi, ya zamani, yaliyoachwa na wateja wa mumewe. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakayafungua, yeye na mama yule, kama watu wanaochagua kitambaa cha arusi. Kiingereza cha fundi kilikuwa cha majini tu. Asingeweza kuomba chumvi kwa Kiingereza, lakini mafundo ya mshipi alijua majina yao yote.

Kuhusu magazeti hayo alikuwa na maneno yake, na aliyarudia mpaka mimi niliyeishia darasa la nne nikayashika. Alisema gazeti la mvuvi usilipime kwa picha ya samaki, lipime kwa picha ya maji. Alisema anayekuonyesha samaki mkubwa kila ukurasa anakuuzia ufito. Alisema gazeti la kweli lazima liwe na mtu mmoja aliyekwenda akarudi mikono mitupu na akaandika jina lake. Binti mmoja anayesajili laini za simu pale kona alimwonyesha video, akamwambia babu, mambo yote yapo humu, unahangaika nini na makaratasi. Fundi aliangalia mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema huyu kijana anavua ili aonwe, samaki mwenyewe hajaulizwa.

Miaka miwili iliyopita bintiye, muuguzi huko Uingereza, alikuja likizo. Alimletea baba yake magazeti matatu, kila moja la namna yake, akamwambia: Baba, chagua moja. Moja tu. Nitakulipia mwaka mzima, litakuwa linakuja jipya kila mwezi, la mwezi huo huo, si la marehemu wa watu. Akamwekea na siku ya mwisho ya kujiandikisha, maana baada ya hapo ile nafasi ingefungwa.

Kwa mtu aliyesoma magazeti ya watu wengine maisha yake yote, fikirieni. Siku ile hakugusa redio hata moja.

Gazeti la kwanza lilikuwa nene, linang'aa, karatasi nzito, picha za wanaume kwenye boti wamekumbatia samaki kama ndama. La pili lilikuwa la trauti peke yake, wazee wenye kofia wamesimama mtoni wanavulia manyoya ya ndege yaliyofungwa yakafanana na inzi. La tatu lilikuwa jembamba, karatasi yake duni kama ya daftari, picha nyingine hazina rangi. Humo kulikuwa na kidogo cha kila kitu: bwawa, mto, ziwa, barua za wasomaji, michoro ya mafundo.

Mtu mwingine angechagua siku hiyo hiyo. Fundi alichukua karibu miezi mitatu. Aliyajaribu kama mnavyojaribu viatu. Gazeti, alisema, linajaribiwa majini. Alipanda na yote matatu vijito vya baridi, akayafungua juu ya jiwe, akaangalia lipi linamwambia kitu ambacho jiwe lile na maji yale yanakikubali. Mimi pia alinitumia. Alinikalisha mbele ya meza yangu, akanipa mshipi na ndoano, akafungua ukurasa wa mafundo wa gazeti moja baada ya lingine. Nisisome, nifuate mchoro tu. La nene lilinishinda, mishale ilikwenda huku na huku. La trauti lilinishinda pia, nikajichoma kidole. La jembamba nikafunga fundo, akalivuta kwa nguvu zake zote, likashika. Akalitazama, akanitazama, akasema kama gazeti linaweza kumfundisha Mama Atupele, huyo ndiye mwalimu. Nilimwambia aondoke mezani kwangu, wateja wanasubiri.

Siku ile nilifunua ukurasa mwingine wa gazeti lile jembamba, nikaona Mzungu mmoja kwenye kiti cha magurudumu, kando ya bwawa. Nilidhani ni mgonjwa wamemtoa nje apate hewa. Nikafunga.

Safari ya Rujewa tulikwenda wote, mimi nikimfuata dada yangu kuchukua mchele. Ilikuwa kiangazi. Huko mto ninaoujua tangu usichana wangu ulikuwa mchanga mtupu, na madimbwi matatu manne yenye rangi ya chai ya maziwa. Maji yameishia juu kwenye mifereji ya mpunga, na huo mpunga ndio niliokuwa nimefuata mimi, kwa hiyo sina mdomo wa kulaumu. Wafugaji wamechimba visima kwenye mchanga wananyweshea ng'ombe. Watoto wanakamata kambale kwa mikono, kambale wanahema kama watu. Fundi alikaa kwenye ukingo, magazeti mapajani, ufito haujafunguliwa. Alikuwa akichechemea tangu tushuke kwenye basi. Nilipomuuliza, alisema kiatu. Alikaa muda mrefu.

"Mama Atupele," akasema, "hapa wameandika nitafute mahali ambapo maji mawili yanakutana. Mimi nitafute mahali yalipoagana?"

Nilimwambia basi litatuacha.

Haikuwa kiatu. Ilikuwa sukari. Kidonda cha unyayoni alikuwa nacho tangu vijito vya baridi, na daktari alikwisha kumwambia mguu utakatwa. Alikuja kupima magazeti akiwa anajua hivyo, na hakumwambia mtu, si mimi, si bintiye. Baada ya wiki chache akalazwa. Mimi nilishika ufunguo wa kibanda, nikawa nawajibu watu wa redio kwamba waje kesho mchana.

Siku aliyoingizwa kukatwa ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya maandazi mengi kuliko zote. Saa nne hivi, mafuta yamechemka, simu yangu ikalia. Bintiye, kutoka Uingereza. Tulizungumza habari ya mguu, akalia kidogo, nikamwambia anyamaze, mguu si kichwa. Kisha akasema mama mdogo, kuna jambo lingine dogo, najua si wakati wake. Lile gazeti, leo ndiyo mwisho. Simu ya baba haipatikani. Alikwambia amechagua lipi?

Hakuwa ameniambia. Jibu la kweli lilikuwa hilo. Ningeweza kusema ngoja. Ningeweza kumwachia binti wa kazi karai, nikapanda bodaboda hadi hospitali, nikasubiri mlangoni mpaka azinduke, nikamuuliza. Ilikuwa bado mchana mzima mbele yetu. Lakini mimi nilikuwa nimechoshwa na miezi mitatu ya kupima, na maandazi yalikuwa yanataka kugeuzwa.

Nikasema, "Lile nene, linalong'aa."

Mtaniuliza kwa nini lile. Nitawaambia, ingawa nina aibu. Sisi mama maandazi tunanunua karatasi kuukuu kwa kilo, na gazeti tunalijua kwa namna yetu. Karatasi duni inanyonya mafuta, hiyo ndiyo nzuri ya kufungia. Karatasi inayong'aa hainyonyi, mafuta yanachuruzika mkononi mwa mteja, hakuna mama maandazi anayeitaka. Nikafikiri: lile jembamba litaishia kwenye meza kama yangu. Lile nene halitaguswa na mtu, litadumu naye. Tena mgonjwa, nikasema moyoni, apewe kitu kizito. Hivyo ndivyo nilivyochagua gazeti la mvuvi. Lilikuwa gazeti la bahari. Kutoka mwanzo hadi mwisho, bahari tupu. Sisi tuko Mbeya.

Nilikwenda wodini Jumapili na habari njema. Nilimkuta amelala, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Nikamwambia mambo yamekwisha, bintiye amejiandikisha.

"Lipi?" akauliza.

"Lile nene."

"La bahari."

"Lile zuri."

Akasema sawa. Akageuza uso ukutani. Nikadhani ni dawa.

Niliposafisha kibanda ili kiti chake kipya cha magurudumu kipite, nililikuta lile jembamba chini ya meza ya kulehemu, limewekwa ndani ya mfuko wa nailoni usiingie vumbi. Kwenye jalada ameandika kwa penseli neno moja: Hili. Na ukurasa mmoja umekunjwa pembe. Nikafungua. Yule Mzungu wa kiti cha magurudumu, ufito umelala juu ya mikono ya kiti. Nikampelekea nyumbani, nikamuuliza huyu nani. Alinieleza bila kuniangalia. Yule mtu hana miguu, na kila mwezi anaandika ukurasa wake mmoja: magurudumu uyazuie vipi ukingo usikuchukue, ufito uurushe vipi bila kusimama, samaki umtoe vipi bila kuinama. Kila mwezi jambo moja. Yalikuwa mambo kumi na mawili, na mimi nilimnyang'anya yote kumi na mawili.

Nilitaka kumpigia bintiye siku hiyo. Akanikataza. Alisema mtoto ametoa zawadi akiwa mbali, akiwa na uchungu, usimfanye aone amekosea. Nikatii, na hapo nikakosa mara ya pili.

Basi likaja gazeti la bahari, mwezi baada ya mwezi. Waliomtembelea walilishika, wakalipapasa, wakasema fundi una bahati, na Mama Atupele alijua kuchagua. Hiyo ndiyo nusu mnayoijua. Yeye alishukuru kila mara. Bintiye akipiga simu, alimsimulia samaki wakubwa alioona. Yule mkweli, aliyempunguza samaki robo kilo mbele za watu, sasa alimdanganya mwanawe kila mwezi, kwamba anasoma, kwamba linamfaa. Fito hazikutoka ukutani. Redio nazo hazikuja tena, watu wanasikiliza kwenye simu, na zile zilizobaki wenyewe walikuja wakazichukua zikiwa mbovu. Hata mwinjilisti alichukua yake.

Mwaka ulipokwisha nilivunja amri yake, nikampigia bintiye kwa siri, nikamwomba sasa achukue lile jembamba. Akasema mama mdogo, lile halichapishwi tena. Limefungwa. Nikamuuliza, na yule mtu wa kiti cha magurudumu, anaandika wapi sasa? Hakujua ninamsema nani.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na nguvu za kukaa ilikuwa mwisho wa kiangazi hiki kilichopita. Nilikuwa nimepata mtu Uyole mwenye bwawa la perege, nimempeleleza, nimeona kwa macho yangu kwamba bajaji inafika hadi ukingoni. Nilimpelekea habari hizo pamoja na uji. Alikuwa uani, mguu mmoja juani, mikono imelala.

"Jumamosi tunakwenda," nikamwambia. "Kiti tutakibeba."

"Nimekusikia, Mama Atupele. Siendi."

"Kwa nini? Samaki ni samaki."

Alifunga macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema polepole, bila hasira, kama mtu anayehesabu skrubu alizozitoa kwenye redio ya mtu.

"Mguu walichagua madaktari. Mto walichagua wenye mpunga. Kazi yangu imechaguliwa na simu. Nilibakiwa na kitu kimoja cha kuchagua mwenyewe, kidogo tu, gazeti. Nilikuwa ninakawia kulisema kwa sababu nikilisema, na mguu nimeuaga. Nilikuwa nakaribia. Wewe ukanichukulia huku unageuza maandazi."

Nikaukoroga uji wake.

"Sikuambii ili ulie," akasema.

"Mimi silii."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia wewe."

Nikamwomba radhi. Nilisema kwa Kinyakyusa kwanza, maana Kiswahili kilinikauka, kisha nikarudia kwa Kiswahili asikie. Aliitikia kwa kichwa. Sijui aliitikia nini. Alikunywa uji nusu, akaniomba nimsogeze kivulini, nikamsogeza, nikaondoka na kikombe. Mvua za kwanza zilimkuta kaburini. Bintiye alikuja kuzika, akaweka lile rundo la magazeti yanayong'aa kwenye meza yenye picha ya marehemu, watu wapite wayaone. Nilipita nami. Sikumwambia. Hata leo hajui, na nikimwambia nitamzika baba yake mara ya pili.

Niliporudi kutoka msibani niliwaita wa nyumbani kwangu wote, watoto, wakwe na wajukuu, nikawakalisha sebuleni, nikazima televisheni. Nikawaamuru hivi: siku nitakayolala nisiweze kuinuka, mkija kuniuliza jambo, liwe ni uji au ni mahali pa kunizika, ulizeni mara moja, kisha kaeni kitako mnyamaze. Asinijibie mtu. Nikikawia mpaka chakula kiungue jikoni, kiacheni kiungue.